Afadhali Aitwe Mlevi

Saa mbili asubuhi, mwokaji mikate ambaye wenzake humwita Pipa anavuta trei kutoka kwenye tanuri. Mikono inamtetemeka. Trei inagonga rafu, na mikate miwili inadondoka.

"Pipa, jana ulilala na chupa gani?" anauliza mkandaji unga.

"Ile uliyobakiza wewe," anamjibu, na chumba kizima kinacheka. Kisha anageuka kunywa maji.

Hajawahi kuonja pombe. Mikono yake hutetemeka kwa sababu ya lithiamu, dawa anayotumia kutibu bipola: ugonjwa unaompandisha mtu hadi haoni haja ya kulala, kisha unamwangusha hadi kuoga kunakuwa kazi. Dawa hiyo humletea kiu pia, na kiu ndiyo iliyompa jina la utani. Wenzake walishaamua kuwa ni hangova. Hajawahi kuwasahihisha.

"Mlevi wanamcheka, halafu wanampa trei," anasema. "Kichaa nani atamwachia moto?"

Dawa imemfaa. Nyingine alizojaribu kabla yake ama hazikumtuliza au zilimlaza kazini. Tangu aanze hii hajarudi wodini, na mkewe ameacha kumficha funguo za nyumba.

Tatizo ni joto. Mtu akitoka jasho jingi, kiwango cha lithiamu mwilini hupanda, na kikizidi dawa hugeuka sumu. Kipimo chake cha mwisho cha damu kilikuwa karibu na mpaka. Daktari alimwambia aondoke tanurini, la sivyo dawa ibadilishwe.

Kuondoka kulihitaji sababu. Alitafuta uongo unaofaa: mgongo, macho, presha. Hakuupata, na juzi trei nzima ikamponyoka. Msimamizi, mama wa umri wa kumzaa, alimwita ofisini, akamnusa mdomo, akamwambia kuwa hilo ni onyo la mwisho.

Anasema alikuwa tayari kuomba radhi kwa ulevi, kama alivyozoea. Badala yake alitoa pakiti ya dawa mfukoni, akaiweka mezani, akaeleza huku anatazama sakafu.

"Nilimwambia ukweli wangu," anasema msimamizi. "Nikasema, mwanangu, mlevi ningejua la kumfanya."

Hata hivyo alikubali. Zamu ya leo ni ya mwisho motoni. Kuanzia kesho Pipa atakuwa kwenye meza ya kukandia, penye dirisha. Asubuhi hii msimamizi ameondoa kisu cha kugawia donge kwenye meza hiyo. Akiulizwa sababu, anashusha sauti na kusema kisu kilihitaji kunolewa. Pipa amekwishaona.

Wenzake hawajaambiwa. Anataka kuanza na wakwe. Kwenye mazishi ya baba mkwe, ugonjwa ukiwa umempandisha, aliimba kaburini na kumtania mjane mbele ya waombolezaji. Alipopata nafuu alimpigia magoti mama mkwe, akasingizia pombe. Alisamehewa papo hapo, na hadi leo mama huyo humwombea aache chupa.

Jumapili atakwenda na mkewe kumweleza ilivyokuwa.

"Mama alinisamehe pombe," anasema, akifuta unga viganjani. "Hili sijui."