Dhahabu Niliyoiandika kwa Utani

Wamemuua mwalimu. Siwezi kuiandika habari hii kwa upole, wasomaji wangu, mnisamehe. Jumapili asubuhi wanaume watatu walivunja mlango wake kule Ziba, wakamkata mapanga palepale kwenye meza yake ya kazi. Walitaka dhahabu. Kila aliposema hana, walimkata tena. Mkewe alikuwa jikoni, uani, akasikia yote.

Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu wa kemia, mkaidi kupindukia, anayejitengenezea sola mwenyewe. Nilipomtembelea mwaka jana nikamwamkia, “Shikamoo mwalimu,” akaitika, “Marahaba, kaa mbali na meza.” Akadondosha maji ya manjano juu ya kipande cha kioo, akakizungusha kwa mota ya feni mbovu mpaka maji yakatandaa yakawa utando mwembamba, kisha akakipasha moto kwenye jiko la umeme. Lo! Umanjano ukageuka weusi tii mbele ya macho yangu. “Hiyo ndiyo perovskaiti,” akasema. “Inakunywa jua, inatoa umeme. Ila ikipata unyevu tu, imekufa.” Vioo alivyoharibu vilijaa ndoo nzima, na bado alikuwa anacheka.

Nikiwa naaga akanionyesha chupa. Ndani yake, maji ya moto yalipopoa, vilishuka vipande vinavyometameta kama dhahabu. “Usidanganyike, ni madini ya risasi. Sumu hiyo.” Mimi na mdomo wangu! Wiki ile nikaandika hapahapa kwamba Ziba kuna mzee anapika dhahabu chupani. Mkacheka sana. Neno sumu sikuliandika, nikiona litaharibu utani.

Mazishini mjane wake alinishika mkono mbele ya watu. Heri angenitukana. “Ulikula ugali wangu,” akasema. “Walikuja na gazeti lako. Walikuwa wanamsomea huku wanamkata.”

Sisi waandishi hulalamika kwamba watu wetu hawajui sayansi. Watajuaje, ikiwa tunachukua nusu inayochekesha na kuiacha ile nusu ya maana? Nimejifunza hilo kwa damu ya mtu aliyenikaribisha kwake.

Chupa ile wameondoka nayo. Mjane anasema maneno ya mwisho ya mumewe yalikuwa haya: “Msiishike kwa mikono, ni sumu.” Hawakumwamini, kwa sababu mimi nilikuwa nimeandika vingine. Basi mlio nayo, kama mnanisoma: naweni mikono, na watoto wenu wasiiguse.