Upanga Niliosimama Mbele Yake

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Hilo nimelisema hapa Shauri Moyo tangu nikiwa kijana wa kubeba vyuma begani, na nimelisema mbele ya watu wenye digrii zao. Shule niliiacha darasa la sita. Leo nina banda langu la vyuma karibu na Gikomba, grinda tatu, na nyumba ya mawe kule kwetu magharibi ambayo majirani huwaonyesha wageni wao. Ukikuta sufuria ya harusi ya kupikia watu mia tatu, na masikio yake yamekaa sawasawa, hiyo ni kazi yangu. Masanduku ya bodingi, majiko, toroli za mahindi, mageti ya makanisa, yote nimetengeneza na hakuna mtu aliyenifundisha. Niliangalia tu. Jicho langu likiona kitu mara moja, mkono tayari unakijua.

Kwa hiyo binti yangu aliponiambia anataka nimtengenezee upanga, sikushtuka. Nilicheka.

Ni kifungua mimba wangu, ana miaka ishirini na sita, anauza katika duka la dawa. Kila Jumamosi alasiri alikuwa akienda kwenye ukumbi wa kanisa pale mtaani, na mimi nikijua ni kwaya.

"Upanga wa nini? Umepata shamba?"

"Si wa kukatia nyasi, Baba. Upanga wa mikono miwili, wa vita, kama wa wale watu wa Ulaya wa zamani waliokuwa wanavaa chuma mwili mzima. Tunapigana nao."

"Nani anapigana?"

"Mimi."

Akatoa simu. Ilikuwa michoro ya kitabu cha kale, akasema kwamba kina miaka mia sita. Wanaume wenye suruali za kubana na miguu myembamba kama ya korongo, wameshika panga ndefu kuliko mikono yao, mmoja anapiga na mwingine anaponyoka. Kikundi chao huisoma michoro ile na kuifuata hatua kwa hatua mpaka mwili uielewe. Walikuwa na fimbo, na upanga mmoja tu wa chuma ambao mwalimu wao aliletewa na ndugu yake kutoka ng'ambo. Sasa upanga mmoja utapigana na nani? Walitaka wa pili, butu pande zote, ncha imeviringwa, ili watu wawili wasimame chuma kwa chuma.

"Nimewaambia babangu anaweza," akasema.

"Umewaambia vizuri."

Nilichukua springi ya lori kuukuu, nikaifua juu ya kile kipande cha reli kilichokuwa fuawe yangu miaka yote, nikaipiga grinda siku tatu mpaka ukawa unang'aa kama kijiko cha wageni. Mwisho nikauchoma wote ukawa mwekundu, nikauzamisha kwenye pipa la maji, vile ninavyofanya na tindo za mafundi wa mawe. Ukalia chwaaa! Chuma kikitoka majini namna hiyo, tupa inateleza tu juu yake. Watu wa mabanda ya jirani wakaja kutazama. Nikawaambia, huu hata mkiupitishia lori hauvunjiki.

Kati yao alikuwepo fundi wa springi, mzee mmoja wa kutoka Murang'a ambaye kazi yake maisha yote ni springi za malori, hana lingine. Akauliza, "Umeupoza na nini?"

"Na maji. Kwani na nini, maziwa?"

Watu wakacheka. Yeye akasema "Mm," akarudi kwenye chai yake.

Jumamosi nikaupeleka ukumbini mwenyewe. Viti vya plastiki vilikuwa vimerundikwa ukutani, kinanda kimefunikwa shuka. Watu kama kumi, wamevaa makoti mazito kama godoro na vinyago vya waya kama vichujio vya chai. Nilitegemea kuona watu wakirushiana vyuma kama walevi wa Majengo. Lakini ukumbi ulikuwa kimya. Binti yangu alisimama na fimbo mbele ya mwalimu wao, jamaa mnene anayeendesha gari la mkate. Mwalimu akashusha pigo la kupasua kichwa. Binti yangu hakukinga. Alihamisha mguu mmoja tu, fimbo yake ikapanda juu ya ile nyingine, na kabla sijaona imetoka wapi ikawa imesimama shingoni kwa yule bwana, imebaki nafasi ya kidole. Mimi niliyemfundisha yule mtoto kutembea! Nilisahau kufunga mdomo.

Mwalimu akaupokea upanga wangu, akauzungusha. "Fundi, umetisha." Halafu akasema, "Haya mzee, vaa."

"Nivae nini?"

"Koti. Hapa tuna desturi yetu. Upanga mpya humchoma kwanza aliyeutengeneza. Ukifika kifuani lazima ujipinde, halafu urudi. Usipojipinda unavunjika, na kipande kinachobaki mkononi kina ncha."

"Na nani ananichoma?"

"Mwenyewe aliyeuagiza."

Binti yangu alikuwa tayari anavaa glavu. "Ukiogopa sema tu, Baba."

"Niogope kazi ya mikono yangu?"

Wakanivika koti, likagoma kufunga tumboni. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee amekula mageti yake yote." Wakacheka, nikacheka nao. Kisha wakanishushia kinyago, na nikiwa peke yangu mle ndani ile "Mm" ya mzee wa springi ikanirudia.

Tindo ni fupi, haina haja ya kujipinda. Na tindo zangu mimi nimeziona, huwa zinameguka kama jino. Hata hivyo kifua changu hakikuwa shida. Wale watu hubadilishana panga. Jumamosi nyingine upanga ule ungekuwa mkononi mwa mwingine, na mbele yake ni kifua cha binti yangu.

Binti yangu akainua upanga.

"Ngoja," nikasema.

Nikavua kinyago, nikauchukua upanga, nikaingiza ncha kati ya vyuma vya dirisha, nikaegemea kidogo tu. Pap! Kama biskuti. Pale ulipokatikia palikuwa pakali kuliko kitu chochote nilichowahi kunoa.

Binti yangu akakiokota kile kipande.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Nimejua sasa hivi."

Jumatatu nikaenda kwa mzee wa springi. Banda lake na langu yametenganishwa na bati moja, lakini siku hiyo niliona ni safari.

"Jirani."

"Sema, bwana mkubwa."

"Nifundishe."

Neno hilo sikuwa nimewahi kulitamka. Akaweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Wewe? Si ulizaliwa unajua?" Alipomaliza kucheka akanifundisha. Springi haipozwi na maji, inapozwa na oili. Halafu unairudisha kwenye moto mdogo, polepole, na unaangalia rangi inavyotembea juu ya chuma: manjano, kahawia, zambarau, kisha buluu kama ya shingo ya kanga. Ikifika hapo, toa haraka. Miaka thelathini nachoma chuma, na rangi zile zilikuwa zinapita mbele yangu bila mimi kuzisalimia. Upanga wa pili ulipinda kama mkia wa mbwa, haukurudi. Wa tatu nikaujaribu kwenye vyuma vya dirisha langu, mara ishirini.

Nikasimama tena ukumbini, koti wazi tumboni. Binti yangu akainua upanga juu ya bega, mguu mmoja mbele, na nikamwona yule mtu wa mchoro. Mtu aliyekufa miaka mia sita iliyopita, mbali huko, amesimama Shauri Moyo ndani ya mwili wa mtoto wangu. Akaja. Nilisikia kama kidole kinanibonyeza. Nikatazama chini, na kile chuma kilikuwa kimejikunja kati ya mkono wake na kifua changu kama upinde wa mvua. Akarudi nyuma, kikanyooka, kikawa kinatetemeka na kuimba.

"Rudia," nikasema.

"Inatosha, Baba."

"Rudia, nakwambia."

Alirudia mara nne. Halafu yeye na mwalimu wakashika panga mbili, na nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza. Mimi ni mtu wa kelele za chuma. Lakini sikuwa nimewahi kusikia chuma kikiuliza na chuma kingine kikijibu.

Mwalimu alitaka kunilipa. Nilikataa. Springi tatu, lita kumi za oili, makaa, na siku nane ambazo wateja wangu walienda kwa wengine: shilingi elfu kumi na moja, mia sita na arobaini. Hiyo nimeihesabu kuwa karo yangu.