Siku Ramani Ilipomwonyesha Baba Juu ya Mabati

Jamani, haya ninayowaambia leo ni aibu tupu, na nikimaliza mnaweza kucheka, nimeshazoea, ila siku yenyewe mi sikucheka hata kidogo, nilitoka jasho mpaka shati la kuazima likanigandia mgongoni.

Tulikuwa tumepanda Kiriri, mtaa wa wenye pesa kule mlimani, kwa kina Nadine, kumposa. Mnajua mambo hayo yanavyokwenda: kijana anakaa kimya, wanaongea wazee tu, na upande wetu msemaji alikuwa baba mdogo Zakaria (mtu mwenye maneno matamu kuliko ile Fanta tuliyokuwa tunakunywa). Baba alikuwa pembeni yangu ndani ya suti, ametulia kama yuko kanisani. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka baba yake Nadine, mzee mpole lakini mwenye macho ya kupima watu, akauliza mtoto wake atakwenda kukaa wapi. Baba mdogo akasema Buterere, kwetu huku bondeni. Wazee wao wakatazamana, maana watu wa kule juu ukiwatajia Buterere wanaona maji tu, maji na vyura.

"Buterere," yule mzee akasema taratibu. "Na nyumba iko sawa? Mutoto wangu hajazoea matatizo."

Hapo ndipo nilipojiponza. Ningenyamaza, baba mdogo angepata jibu. Lakini mi (kiherehere changu mnakijua) nikatoa simu nikasema, "Iko sawa, muzee, hata sasa hivi munaweza kuiona," kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba gari lenye kamera juu lilipita mtaani kwetu, likapiga picha barabara yote, na picha zimewekwa kwenye ramani ya mtandaoni, na mwaka huo huo tulikuwa tumepaka ukuta rangi. Kuziangalia kwanza mwenyewe? Sikuziangalia. Shemeji mmoja, kaka yake Nadine, akaunganisha simu na televisheni yao kubwa ya ukutani, wazee wakageuza viti.

Picha ya kwanza ilikuwa mwanzo wa barabara yetu, na juu yake wingu jeusi lililoshuka mpaka karibu na mapaa ya nyumba. Wingu lile nililijua, ilikuwa ile siku ya upepo mkali ulioezua mabati mtaani kwetu. Ramani zile ukigusa mbele unasogea kidogo barabarani, lakini gari lilikuwa linatembea huku dhoruba inaanza, kwa hiyo kila ukisogea na dhoruba nayo inasogea. Nikagusa ili nirudi nyuma, kidole kimelowa jasho, picha ikaenda mbele. Vumbi. Nikagusa tena. Migomba imelala, nguo za jirani ziko hewani, bati la mtu linaruka.

"Songa, songa," akasema mama yake Nadine, ameshika mdomo. "Tuone kama nyumba ilipona."

Nikasema mtandao ni mbaya. Shemeji akanipokonya simu akasogeza yeye. Na pale mbele ya wazee wa pande zote mbili ikatokea nyumba yetu, na juu ya paa, kifudifudi, mikono na miguu imetanuka, mwanaume mzima mwenye chupi ya buluu peke yake, amelalia mabati yasiende. Uso wake walikuwa wameufifisha, kama wanavyofanya kwenye picha hizo. Chupi hawakuififisha.

"Ule ni nani?" akauliza baba yake Nadine.

Baba mdogo akakohoa. "Ule ni fundi. Fundi wa mabati." Akanigeukia. "Si ni fundi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Bega la baba linagusa langu, na mi nikaitikia kwa kichwa. Niliogopa kumkosa Nadine, jamani, niliogopa sana, hiyo ndiyo sababu na sina nyingine.

Baba akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Fundi gani? Ule ni mi. Upepo ilinikuta naoga, mama yake huyu alikuwa ndani na homa, mabati ikaanza kuondoka. Ningemaliza kuvaa kwanza?"

Hakuna aliyecheka. Baba yake Nadine aliitazama picha muda mrefu, halafu akamtazama baba, halafu akanitazama mi, na hapo nikatamani ule upepo urudi unichukue.

"Mutoto tutawapatia," akasema. "Anaenda kwenye nyumba ya huyu muzee. We kijana, we bado hatujakujua."

Kwa hiyo mke nilimpata, lakini kwa heshima ya mtu niliyekuwa nimemkana. Njia nzima ya kurudi baba alikuwa anaangalia nje ya dirisha tu. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama nje ya mlango wa chumba chake, na akajibu kutoka ndani, "Kesho lete nyundo na musumari. Tutapanda wawili."

Tangu siku ile simu yangu haitoki mfukoni mbele ya wakwe. Anayetaka kuona kwetu aje kwa miguu. Na wingu likianza kujikusanya upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, hata niwe kazini, naomba ruhusa nakimbia nyumbani, na anayepanda juu ya paa ni mi, nimevaa suruali.