Kokushubila, Msomaji wa Gemu kwa Talha

Hebu mchore kichwani mwako anavyokuja: mama wa miaka arobaini na mitano, amependeza kiofisi, mkoba kwapani, anakata uchochoro wa Buguruni saa nne asubuhi. Anatembea haraka kama mtu aliyechelewa. Lakini Kokushubila hakuwa na pa kuchelewa. Shirika la umma alilolipigia chapa miaka kumi na tisa lilikuwa limeuzwa, naye akapunguzwa kazini. Zilikuwa zimepita wiki tatu, na mumewe, Mwalimu Theonest, alikuwa hajaambiwa. Kila asubuhi alivaa, akaaga, akaenda kuupoteza mchana popote.

Siku hiyo mvua ndiyo iliyomwingiza kwa Talha.

Talha alikuwa na chumba kimoja, televisheni moja na mashine ya gemu aliyoletewa na mjomba wake kutoka Dubai. Mwaka ule wa tisini na nane wengi walifuata gemu ya mpira. Lakini iliyojaza benchi ilikuwa nyingine, ya kutisha. Haina bunduki. Mtu anarudi kwenye mtaa aliokulia, anasikia pumzi za mtu nyuma ya ukuta, halafu maandishi yanatokea: fanya hiki au kile. Uchague. Na gemu ile haisahau. Uongo uliousema mwanzoni unakuja kukutokea mbele, ukiwa umeshajisahau.

Shida ni kwamba maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na benchi zima lilikuwa linabonyeza tu.

"Shikamoo mama. Karibu ukae, mvua hiyo," alisema Talha.

"Marahaba." Akatazama kioo cha televisheni. "Mbona mmeamua kumwacha mwenzenu gizani?"

Wote wakageuka.

"Kumbe ndivyo ilivyoandikwa?" aliruka Mfaume, fundi baiskeli. "Mie nilidhani nawasha taa!"

"Ndo maana unakufaga kila siku," Talha akamcheka. "Mama, usiondoke. Tusomee."

Tangu hapo akawa na kiti chake karibu na televisheni. Yeye anasoma, wao wanabishana, Mfaume anabonyeza. Niliwahi kumuuliza Mfaume anapenda nini kwenye kitu kinachomtoa jasho namna ile. Akaniambia, "Kwenye mpira nikifungwa, nimefungwa na mwenye vidole vyepesi. Hii inaniuliza mie ni mtu wa namna gani. Na nikijibu vibaya naruhusiwa kuanza upya. Wapi kwingine utaipata hiyo?"

Alhamisi moja wakafika kwenye nyumba ya mwanamke waliyekuwa wakimtafuta siku nne.

"Kuna mlango," alisoma Kokushubila. "Ama msukume, ama mgonge."

"Tunagonga!" wakasema kwa pamoja. "Nyumba ya watu hiyo."

Wakagonga. Kimya. Wakagonga tena. Kimya. Mara ya tatu ikawa vilevile.

"Sasa mnaweza kusukuma au kuondoka."

"Hodi tatu zimetosha," alisema Mfaume. "Hatujaitikiwa, tunaondoka. Sie si wezi."

"Lakini huyo tunayemtafuta si yumo humo!" alilalamika Talha.

"Ndiyo uvamie nyumba ya watu? Kwani wewe umelelewa wapi?"

Wakaangua kicheko, Mfaume akabonyeza kuondoka. Kioo kikageuka kuonyesha ndani. Mwanamke yule alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea mlango, kajiziba mdomo kwa kiganja, anasikiliza nyayo zao zikitokomea. Maandishi yakatokea.

"Mama, imesemaje?"

"Imesema, 'Alikuwepo. Hakuitikia tu.'"

Wenzake walipiga makofi kwa hofu na furaha. Kokushubila hakupiga. Jioni tatu mfululizo Theonest alikuwa amemuuliza, "Habari za kazini? Kuna lolote?" Naye mara zote tatu alijibu, "Nzuri tu."

"Wanangu," alisema taratibu, "mie sina kazi. Huu ni mwezi sasa. Na nyumbani hawajui."

Talha akapunguza sauti ya televisheni.

"Mama, ya kwako haina kuanza upya," alisema Mfaume. "Lakini nyuma ya mlango nako hukai milele. Nenda sasa hivi, kabla hujajishauri sana. Sie hatuendelei bila wewe."

Alifika nyumbani saa tisa alasiri. Theonest alikuwa barazani anasahihisha madaftari. Kokushubila alimwambia yote akiwa wima, mkoba bado kwapani. Mwalimu akaiweka kalamu yake nyekundu chini.

"Najua, Koku. Wiki ile ya kwanza nilikupelekea mwamvuli ofisini. Mlinzi akaniambia."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja."

Na katika kumngoja huko, kila alfajiri mwanamume yule alitangulia kuamka, akawasha mkaa, akampigia mkewe pasi nguo za kuvaa kwenda kwenye kazi ambayo anajua haipo.

Kokushubila akinisimulia haya hujaa shukrani. Hushukuru mvua, hushukuru lile benchi la Talha, huwashukuru hata waliotengeneza gemu ile, watu wasioijua Buguruni iko upande gani wa dunia. Akifika kwenye ile pasi ndipo husita. Siku nyingine huiita huruma isiyo na kifani. Siku nyingine hununa kidogo, akasema kwa neno moja tu mumewe angemwepusha na wiki mbili za kuzurura juani. Wewe ungekuwa Theonest, ungesema, au ungepiga pasi?