Goti Langu na Utani wa Mwalimu

Goti langu la kushoto lililia kama kijiti kikavu kikivunjika, na ukumbi mzima ukacheka.

Nilikuwa nimekaa chini, mguu nimeukunja juu ya paja, nimeinama mbele. Mwalimu wetu wa yoga kanilalia mgongoni anisukume zaidi. Nikapiga kelele, "Mtani, unaniua!"

"Mnyamwezi gani wewe?" akasema. "Babu zako walibeba pembe mpaka kwetu pwani, leo mguu wako mwenyewe unakushinda?" Akakandamiza. Goti likalia.

Mwalimu ni mwanamke, Mzaramo wa Dar. Sisi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukuchekesha hata msibani kwako. Kwa hiyo wenzangu walidhani kelele yangu ni mchezo. Hao nimewasamehe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Gongoni, shule niliishia la nne. Nilipona kifua kikuu, dawa nikamaliza, lakini nikikanyaga cherehani kidogo tu nahema. Jirani akaniambia kuna yoga ya wanawake, inayofundisha pumzi. Nikaenda.

Na yoga yenyewe ni nzuri, siisingizii. Mwalimu alitueleza ilitoka India, mzee mmoja akiwafundisha vijana, mwanafunzi wake akaja kuieneza. Mikao yake ina mpangilio, huruki hata mmoja. Unavuta pumzi ukiinua mikono, unaitoa ukiinama, unarusha miguu nyuma, unajiinua, jasho linakutoka kama umetoka kulima. Pumzi inapita kooni inavuma, kama birika linalokaribia kuchemka. "Pumzi ndiyo inaongoza," alisema kila siku. "Ikikatika, simama hapo hapo."

Nikashika. Baada ya muda nikawa nashona gauni zima bila kupumzika.

Sasa yeye, aliyetufundisha kusikiliza pumzi, alikuwa amenilalia mgongoni, kifua chake juu ya mbavu zangu, na pumzi yangu imekatika. Hakuna mtu aliyekuwa karibu nayo kuliko yeye.

Huyo sijamsamehe, na wa pili ni mwenye ukumbi. Nilipomfuata nikichechemea akaniambia, "Mama, ule si utani wenu? Usinifukuzie wateja." Akanifungulia mlango nitoke.

Leo nakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Kazi inakwenda polepole, lakini inakwenda. Asubuhi natandika mkeka wangu nyumbani, nafanya mikao yote isipokuwa ya kukunja goti, na hakuna anayenigusa. Mapafu yangu yana nguvu kuliko ya wengi walionicheka.

Mwalimu bado anafundisha, siku hizi yuko Ipuli, mji huu huu. Wewe mwalimu, sikuiti kama mtani. Njoo Gongoni, na mwenye ukumbi awepo, mkae mbele ya wanawake wale wale, unijibu: ulisikia kwamba sipumui, au hukusikia? Na kama ulisikia, kwa nini ulikandamiza?