Mwalimu wa Chumba cha Kufulia

Katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu hapa Memphis, kuna mama mmoja mweusi aliyetufundisha sote kazi. Hulainisha kila shuka kwa kiganja, taratibu, kana kwamba kuna mtoto amelala chini yake. Jana Travis, mzungu aliyefundishwa kazi na mama huyo majuzi, alitaja mshahara wake bila hila. Ulikuwa umeuacha wa mwalimu wake mbali. Mama akafuta mikono, akaenda kwa meneja. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia.

“Nilipe kama Travis.”

“Kwani una shida gani, dada?”

“Jumapili zote niko kwenye kibarua kingine. Natamani kumpeleka mama yangu kanisani angali hai.”

“Nitalifikiria.”

Akavuta kiti, akaketi. “Fikiria tu, bosi. Nakusubiri.”