Chupa Tatu Badala ya Friji

Hoteli ilipofungwa, meneja aliwaita wafanyakazi wa zamani ghalani, akawaambia kila mmoja achague kitu kimoja, kiwe kifuta jasho. Mpishi hakupoteza muda. Alilikumbatia friji kama mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea. Dobi alibeba mapazia. Mlinzi alichukua kengele ya mapokezi, na mpaka leo hakuna ajuaye ya nini. Bwana Trei alichukua kasha dogo la mbao lenye chupa tatu, akarudi nalo nyumbani akikwepa mashimo ya barabara kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Jina la Trei alilipata kazini. Alikuwa mhudumu wa mezani tangu ujana, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umezoea kukunjwa mbele ya kifua hata pale ulipokuwa mtupu. Ukikutana naye njiani ungedhani anakuletea kitu.

Mkewe, fundi cherehani aliyeshona sare za shule hapo sebuleni, alilitazama lile kasha, uzi ungali midomoni.

"Hiyo nini?"

"Poti."

"Poti ndiyo nini?"

"Divai, mke wangu. Divai iliyozeeka."

"Na friji?"

"Friji kachukua mpishi."

Aliutema uzi taratibu. "Yaani mwenzako kapeleka baridi nyumbani kwake, wewe umeniletea dawa ya kikohozi."

Tangu siku hiyo friji la mpishi liliingia katika ndoa yao kama mke mwenza. Halikuwamo nyumbani, lakini hapakupita siku bila kutajwa. Maziwa yakichacha, mkewe, mama wa nyumba hiyo, alisema, "Yapelekeni kwenye poti." Nyanya zikioza, alizionyesha kasha, moja moja, kama anayemwonyesha hakimu kidhibiti. Trei alijaribu kumweleza kwamba mbili kati ya chupa zile zilikuwa na divai iliyozeekea katika mapipa, moja miaka kumi, nyingine ishirini, na kwamba ya tatu ilizeekea ndani ya chupa yake yenyewe tangu kabla kifunguamimba wao hajazaliwa. Hazifanani hata kidogo.

"Tamu ni tamu," mama alimjibu, akakanyaga cherehani.

Neno hilo Trei alilala nalo, akaamka nalo. Maisha yake yote alikuwa amewainamia watu asiowajua, akiwaeleza kwa sauti ya chini tofauti ya hii na ile, na wao wakaitikia kwa vichwa. Kama tamu ni tamu tu, basi alichobeba miaka yote hiyo, huku mgongo umenyooka na kitambaa cheupe kikining'inia mkononi, kilikuwa maji ya sukari. Kuna watu huzeeka wakiogopa kifo. Trei alianza kuogopa sharubati.

Ndipo akatoa rai. Wangezionja zote tatu Jumamosi mchana, pamoja. Mama akisema zote ni sawa, yeye Trei angekwenda kwa mpishi, amuombe kwa unyenyekevu nafasi ya maziwa katika friji lake. Hilo halikuwa jambo dogo. Kwa miaka mingi yeye na mpishi walikuwa wamesalimiana kwa nyusi tu.

"Kwa unyenyekevu?" mama aliuliza.

"Wa kupiga magoti."

"Nakubali. Na nitamwita kaka yangu awe shahidi, usije ukanizungusha kwa maneno yako ya hotelini."

Siku moja kabla, Trei aliisimamisha wima ile chupa ya tatu juu ya meza ili mashapo yake yatulie chini. Divai inayozeekea chupani hukusanya mashapo kama moyo unavyokusanya mambo. Usipoitibua, juu yake hubaki safi. "Asiiguse mtu," aliamuru. "Wala msitembee kwa kishindo."

"Na cherehani nayo izuie pumzi?" mama aliuliza, lakini alikanyaga polepole.

Jumamosi shahidi alifika kabla ya wakati. Alikuwa mtoa dawa katika zahanati, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Dokta, na yeye hakuwahi kuukosoa. Trei alikuwa jikoni akifuta glasi. Dokta aliiona chupa imesimama peke yake, akaiinua, akaisogeza mbali na macho ili asome karatasi yake. Na alipokuwa akisoma, mkono wake, kwa hiari yake wenyewe, ukaanza kufanya kile ulichokifanya kwa kila chupa iliyopita dirishani kwake. Uliitikisa. Uliitikisa juu chini, kwa bidii na uaminifu wote.

Trei alitokea mlangoni na glasi.

"Shemeji! Umeitikisa?"

"Vizuri kabisa," Dokta alisema kwa upole. "Ilikuwa imejitenga, shemeji. Ukiacha hivihivi, mgonjwa wa kwanza anakunywa maji, wa mwisho anakunywa dawa yote."

Trei alikaa chini. Ndani ya kioo, ujana wake wote ulikuwa ukizunguka kama maji ya mtaroni baada ya mvua.

"Tuahirishe," alisema. "Ikipumzika siku chache itatulia."

"Thubutu!" mama alisema. "Nimeacha sare hazina mikono kwa ajili yako. Leo au basi."

Trei akamimina ile ya miaka kumi. Mama akaigugumia.

"Tamu."

"Usiimeze kama kidonge, mke wangu. Iache ikae ulimini."

"Ikae ifanye nini?"

Akamimina ile ya miaka ishirini, wekundu wake umefifia ukawa rangi ya tofali. Mama akaiacha ikae, kwa kumkomoa. "Tamu," alisema, na Trei akaanza kuyafikiria magoti yake, lipi litangulie.

Lakini mdomo wa mama ulikuwa haujamaliza. Ulitafuna hewa. Alinyoosha mkono. "Hebu nipe tena ile ya kwanza."

Akaionja. Akarudia ya pili.

"Hii ya kwanza," alisema, "ni kama mgeni anayebisha hodi akiwa keshakaa kwenye kiti. Hii nyingine imeingia kimya. Nimeshaimeza, lakini bado imo."

Ile ya tatu Trei aliichuja kwa kipande kipya cha bitana ya sare, na bado ilikuwa na ukungu.

"Ina mchanga," mama alisema.

"Mchanga huo ni wa kaka yako."

"Ngoja. Chini ya mchanga kuna kitu. Kama unafungua sanduku la marehemu mama."

"Sanduku? Hapana. Hayo ni matunda makavu. Wageni wote tuliwaambia matunda makavu."

"Uliwaambia wewe. Mimi ulimi wangu ndio huu. Ni sanduku."

"Matunda makavu!"

"Sanduku! Lenye nguo!"

Walikuwa wamesimama wote wawili, wakinyoosheana vidole juu ya meza, ndipo Trei alipogundua kwamba hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kumbishia. Walikubali tu, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Machozi yalimtoka, akasingizia kikohozi.

"Basi mshindi ni ya tatu," alisema. "Hata na mchanga wake."

"Ya pili," mama alisema. "Huna ulimi wewe."

Dokta, aliyekwisha kumaliza glasi zake zote kwa mfuatano, alijinyoosha. "Mimi kusema kweli naona zote mamoja. Lakini basi, dada, niongezee hiyo ya pili nihakikishe."

"Imekwisha, kaka," mama alisema.

Trei alitazama. Chupa ya miaka ishirini, imejaa zaidi ya nusu, ilikuwa imesimama nyuma ya cherehani, imefunikwa na shati la mtoto wa watu. Mama alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, akivuta uzi bila kumtazama yeyote.

Dokta alipoondoka, mama aliichukua ile chupa akaiingiza kabatini, chini ya nguo zake nzuri, akafunga, akautia ufunguo kifuani.

"Na mimi?" Trei aliuliza.

"Wewe," mama alisema, akirudi kwenye mikono ya sare, "unayo ile yako ya mchanga."